Siku Nilipovundika Divai ya Pasaka

Naanza na upumbavu wenyewe, asije mtu akasema niliuficha katikati ya maneno mazuri: nilivundika divai. Ndiyo, kuvundika, kama watu wanavyovundika ndizi. Nilichukua jiko lenye makaa, nikalitupia majani makavu ya mgomba, nikaliteremsha kwenye chumba cha chini ambako divai ya marehemu Babu ilikuwa imetulia zake gizani, nikafunga mlango, nikaziba nyufa kwa gunia, nikaenda kulala na amani ya mtu aliyetenda mema. Nilikuwa darasa la nne. Akili nilikuwa nazo nyingi tu, ila hazikuwa zimepangwa.

Nisingeyakumbuka haya yote kama si matroni wetu. Juzi alikagua matranka bwenini, na alipofungua la jamaa mmoja wa Mgwashi ikatoka harufu ambayo ingeweza kusimama yenyewe na kuitika jina. Jamaa aliletewa matunda ya plamu siku ya wazazi, akazifunga ndani ya sweta asije akaombwa, kisha akazisahau. Uchoyo nao huchacha. Matroni akarudi nyuma ameshika pua. "Nani anapika pombe humu?" Mimi nikacheka, na kwa kicheko hicho nikapewa vyoo vya kuosha peke yangu. Lakini wakati nasugua, pua yangu haikuwa pale. Ilikuwa kwenye ngazi za mawe, penye ubaridi unaopanda miguuni taratibu, harufu ya nta ya mshumaa, na Babu amesimama mbele ya chupa kubwa, amefumba macho.

Nyumba yetu iko juu ya Lushoto, kwenye mteremko ambao mpira ukikuponyoka unaaga kabisa. Ni nyumba ya mawe, ya zamani kuliko mtu yeyote anayelala ndani yake, na chini ya jiko kuna chumba kilichochimbwa kwenye mlima. Wengine wangeweka viazi. Babu, mzee aliyemzaa Baba, aliweka divai. Alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye mizabibu ya mapadri, na alipoacha kazi alirudi nyumbani na vipandikizi vichache vimefungwa kwenye kitambaa chenye maji. Mlutheri aliyefunzwa divai na Wakatoliki. Watu walimtania sana, lakini divai yake haikuwahi kubishana na mtu. Kila Pasaka, divai ya Meza ya Bwana kanisani kwetu ilitoka chini ya jiko letu.

Kazi kubwa haikuwa kukamua zabibu. Kukamua hata mbuzi angekanyaga. Kazi ilikuwa kujua lini. Babu alikuwa akishuka na mshumaa, anausimamisha nyuma ya chupa na kutazama kama mwali unaonekana msafi au umevaa ukungu. Anavuta kidogo kwa mrija wa mpira, ananusa, anaweka mdomoni, anaizungusha, anatema kwenye kopo. Halafu anafumba macho na midomo yake inaanza kucheza bila sauti. Mimi nikiwa nimekaa ngazini nilielewa kila kitu: anaomba radhi. Mlutheri kaonja pombe asubuhi, ataachaje kuomba radhi? Baada ya muda anafumbua macho, anasema "Bado," nami naelewa kwamba bado hajasamehewa. Siku akisema "Tayari," najua huko juu wameelewana. Niliiheshimu sana ile divai, kama kesi ambayo haijatolewa hukumu.

Babu alifariki mwanzoni mwa mwaka, tukamzika kwenye mvua. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa anaomba radhi yoyote. Mama alitueleza mimi na dada yangu Naomi, akiwa ameshika ufunguo wa chumba cha chini kama mtu aliyeshika kifaranga. Ukishaonja na kutema, alisema, unasali Baba Yetu kimoyomoyo. Ule ukakasi unaoshika ulimi, unausikiliza. Ukifika "Amina" na bado umekushika, divai haijawa tayari, iache. Ukikuachia mahali fulani kati ya "riziki yetu" na "Amina", iko tayari. Ukikuachia hata kabla ya "ufalme wako uje", umechelewa, divai imezeeka na nguvu zake zimekwenda.

"Kwa hiyo Mungu alikuwa saa?" nikauliza.

"Nyamaza," akasema Mama.

"Na wewe Babu alikufundisha lini?" Naomi akauliza. "Mbona hukuwahi kushuka naye?"

Mama akamtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini havai viatu kichwani. Mkwe ataingiaje kwenye chumba chembamba cha chini na baba mkwe wake? Alikuwa akisimama juu mlangoni, kitenge kiunoni, na Babu anamtupia maneno kutoka chini. Sheria zote za divai Mama alizipokea kwa kupitia mlango.

Matanga yalipoisha, akaja Mzee Yonathani. Huyu alikuwa mzee wa kanisa na rafiki wa Babu tangu wakiwa wachunga mbuzi, mrefu, mwavuli mkononi hata jua likiwaka. Mama akampa shikamoo na chai. Akainywa nusu kabla ya kusema.

"Mama Naomi, tumekaa baraza. Tumeona Pasaka hii tusikusumbue. Tutaagiza ya dukani, ipo ya boksi. Ina hata kibomba chake kabisa."

"Ya boksi," Mama akasema.

"Ya boksi."

"Mzee, divai ya Pasaka iko chini ya miguu yako hapo ulipokaa."

"Kwamba ipo, najua. Kwamba iko tayari, sijui. Na aliyekuwa anajua ndiye tuliyemzika."

"Nitajua mimi."

Mzee akatikisa kichwa, si kwa ubaya. "Mama Naomi, hii si ugali, kwamba ukibonyeza unakwambia."

Nilimwona Mama akikaza kitenge. Ukiwa mtoto wake unajua: kitenge kikikazwa, mjadala umekwisha. "Njoo Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Matawi," akasema, "uonje mwenyewe. Isipokuwa tayari, agizeni hilo boksi, na ufunguo wa chini nitakupa wewe."

Haikuwa maneno ya mdomo tu. Baba alikuwa dereva wa Fuso la mboga, wiki nzima yuko njiani kati yetu na Dar, na alishasema kwenye simu kwamba mizabibu kama haina kazi tena, ing'olewe ipandwe kabichi. Kabichi haihitaji mtu wa kusali. Kwa hiyo kilichokuwa kinangojwa si divai peke yake. Lilikuwa pia swali la kama mikono ya Mama ina haki ya kufanya ile kazi, au alikuwa tu mwanamke aliyesimama mlangoni.

Akaanza kuonja. Alishuka kati ya kuchemsha maziwa na kupeleka karoti sokoni Soni, ananuka moshi wa jikoni, mshumaa mkononi, midomo inakwenda mbio kama cherehani. Akipanda, tunamsoma usoni kabla hajasema. "Bado." Wiki nyingine, "Bado." Naomi akashauri amwambie tu Mzee iko tayari, nani atajua? Mama akamgeukia. "Nitajua mimi. Watu watapiga magoti mbele yake, halafu mimi nimewadanganya?" Akashuka tena. "Bado."

Sasa mimi, mtu wa kupenda amani, nikaona niingilie.

"Naomi, huo ukakasi hasa ni nini?"

"Tafuna ndizi mbichi utaujua."

Naomi alisema ili nimwondokee. Mimi nikaenda nikatafuna. Ulimi ukajikunja kama jani la kifauongo ukilishika, meno yakavaa soksi. Na pale pale, mdomo umenikauka, nikapata wazo ambalo nililiona kubwa kuliko mlima. Ndizi hii hii yenye ukakasi, watu wa kwetu wanafanyaje? Wanachimba shimo, wanatandika majani, wanaingiza moshi wa moto, wanafunika. Baada ya siku chache ndizi inatoka laini, tamu, ukakasi haujulikani ulikokwenda. Sasa tuna divai yenye ukakasi, imo tayari shimoni, kinachokosekana ni moshi! Nilishangaa Babu, mtu mwenye busara zake zote, hakuwahi kuliona hilo. Nikamsamehe.

Ijumaa jioni Mama alikwenda mazoezi ya kwaya, ufunguo akauacha msumarini. Yaliyobaki nimekwisha kuwaambia.

Asubuhi tulikuwa tunakunywa uji. Paa! Chini ya miguu.

"Mama, mtungi wa gesi!" Naomi akaruka.

"Hatuna gesi," Mama akasema, kijiko hewani.

Paa! tena, na kitu kikagonga mlango wa chini kwa ndani, kama mtu anapiga hodi. Mama akaenda, akavuta gunia, akafungua. Moshi ukatoka kama Fuso la Baba linapopandisha mlima kutoka Mombo. Akatupeleka uani wote wawili, akatukataza hata kuchungulia, kwa sababu yeye alijua jambo ambalo mimi sikulijua: kwamba makaa kwenye chumba kilichofungwa huua mtu akiwa anasinzia tu. Alipoona moshi umepungua alijifunga khanga puani, akashuka, akarudi amebeba jiko langu. Akaliweka chini mbele yangu.

"Hili lilishuka lenyewe?"

"Hapana, Mama."

"Lilifuata nini?"

"Nilikuwa navundika."

"Unavundika nini?"

"Divai. Iondoke ukakasi. Kama ndizi."

Naomi akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Mama hakucheka. Hakunipiga pia, na hilo lilinitisha zaidi. Alikaza kitenge tu, akasema, "Leo Mzee Yonathani anakuja," si kwa mtu yeyote, akakaa kizingitini akingoja chumba kipoe.

Tuliposhuka mimi na Mama nikaona kazi yangu. Chupa zote zilizokuwa karibu na jiko zilikuwa vuguvugu, vizibo vimeruka, divai imechuruzika sakafuni, na iliyobaki ndani ilinuka kama ngozi ya mbuzi inayobabuliwa. Mama alizigusa moja moja. Kila akigusa anasema, "Hii imekwenda." Hakuwa anapiga kelele. Ningefurahi angepiga. Lakini kwenye pembe, ndani ya ukuta wa mlima wenyewe, kulikuwa na mashubaka mawili, na kila moja lilikuwa na chupa kubwa. Mama akaweka shavu kwenye kioo. Baridi. Kizibo kimekaza. Ya pili vile vile.

"Shika mshumaa," akaniambia.

Mwali ulionekana nyuma ya divai msafi kabisa, mwekundu kama kito. Akavuta kidogo, akazungusha mdomoni, akatema, akafumba macho. Midomo ikaanza, ikasimama. Akaonja tena. Ikaanza, ikasimama.

"Nimepotea," akasema. "Sijui nimefika wapi. Sali wewe. Kwa sauti."

Nikafungua mdomo. Sasa hapa mnielewe: nilikuwa mwigizaji maarufu wa nyumba. Nilimwiga kuku mwenye kideri, mchungaji akitangaza matoleo, na zaidi ya wote nilimwiga Babu kwenye sala ya jioni, kosa ambalo lilinipatia mifinyo isiyo na idadi. Na kwa hofu niliyokuwa nayo, Baba Yetu yangu mwenyewe ilinikimbia. Iliyotoka ilikuwa ya Babu. Nzito, ya polepole, kama mtu anayepanda mlima na mzigo wa kuni, kila neno analiweka chini kwanza kabla ya kuokota jingine.

"Baba yetu... uliye... mbinguni..."

Kutoka juu Naomi akapiga kelele, "Mama, anamwiga marehemu!"

Mama akainua kiganja. Sikujua anamnyamazisha nani, nikaendelea. Nikafika "utupe leo riziki yetu," nikasimama, nikakohoa vikohozi viwili vikavu, kwa sababu Babu alikohoa pale kila siku ya maisha yake. Nikaendelea. "Na usitutie... majaribuni..." Kidole cha Mama kikasimama hewani. Nikamaliza hadi Amina. Alikuwa amefumbua macho, ananitazama kana kwamba nimetoka ukutani.

"Rudia. Hivyo hivyo."

Akaonja ile chupa ya pili. Nikarudia. Kidole kikasimama pale pale.

Mama akakaa ngazini. "Kumbe nilikuwa nasali mbio," akasema. "Maziwa jikoni, karoti, Fuso, Mzee Yonathani. Nafika Amina wakati Baba mkwe angekuwa bado yuko mbinguni hajashuka duniani." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Imekuwa tayari siku nyingi. Na mimi naiambia bado."

Kwa maneno mengine, nilikuwa nimeivundika divai ambayo haikuwa na shida yoyote. Nililielewa hilo, nikaona si busara kulitaja. Nikauliza jambo jingine: Babu alikuwa na ugonjwa gani uliomkohoza pale pale kwenye riziki?

"Hakuwa na ugonjwa. Alikuwa anasahau kinachofuata. Anakohoa mpaka akumbuke."

"Maisha yote?"

"Maisha yote. Na wewe usikitoe hicho kikohozi. Kimo kwenye kipimo."

Mzee Yonathani alikuja na mwavuli wake mchana. Mama hakumngoja akae. "Mzee, kabla ya yote ujue: huyu mtoto aliweka jiko chini jana. Chupa nyingi zimeharibika. Zimebaki mbili."

Mzee akanigeukia. "Jiko la nini?"

"La kuvundikia. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kuvundikia nini?"

Mama akajibu kwa niaba yangu. Mzee akavua kofia, akaishika, akaivaa tena. Nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kuweka kicheko.

"Na wiki iliyopita," akasema, "nilipopita hapa nilisikia mwenyewe ukisema bado."

"Wiki iliyopita nilikuwa nasali mbio." Akamimina kidogo kwenye glasi. "Onja, uteme. Mtoto atasali. Wewe sikiliza ulimi wako tu, uniambie umekuachia wapi. Mimi sikwambii kitu."

Kumwiga marehemu chini kwenye giza ni jambo moja. Kumwiga mbele ya rafiki yake, mchana, na mwavuli ule ulivyokuwa karibu, ni jambo jingine. Nikamtazama Mama aniruhusu nisali kama mtoto wa Mungu wa kawaida.

"Kama kule chini," akasema. "Usipunguze."

Basi nikasali. Mzee alifumba macho. Nilipofika kwenye riziki nikakohoa, akafumbua jicho moja, akatazama mlango wa jikoni kama anayemngoja mtu aingie. Akalifumba tena. Nilisikia kuku uani, nikasikia Naomi akipumua nyuma yangu. Nikaweka neno moja, nikaokota jingine, na nilipofika mahali fulani kidole kirefu cha Mzee kikainuka kutoka kwenye mpini wa mwavuli. Sikuharakisha. Nikaenda hadi Amina.

Alifumbua macho yote mawili.

"Huo mwendo naujua," akasema. "Nimeungoja mezani, chai inapoa, miaka na miaka."

"Umekuachia wapi, Mzee?" Mama akauliza. Alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, na mimi niliyekuwa upande wake niliona vidole vilivyosokotana.

"Kwenye majaribuni."

"Hata mimi. Chupa zote mbili." Na hakumwachia Mzee aseme lile neno. Alilisema mwenyewe, kwa sauti ya mtu mwenye chumba chake: "Basi iko tayari."

Mzee akasimama, akampa mkono. "Hongea, Mama Naomi," akampongeza kwa Kishambaa, "hongea sana." Kisha akanielekezea mwavuli. "Na wewe ukikua, usije ukawa mchungaji. Kwa mwendo huo watu watafia ibadani." Akateremka njiani kwenda kuwaambia wa baraza wasiagize boksi.

Jioni Baba alipiga simu kuuliza kama ashushe mbegu za kabichi. Mama akamwambia mtandao ni mbaya, hasikii vizuri, akaweka simu juu ya kabati. Mimi nilikuwa nimesimama karibu kifua mbele, nangoja shukrani zangu. Kwani nani alisali? Mama alikuwa anasuuza glasi, mgongo kwangu. Alimaliza, akaipangusa, akaipeleka kwenye mwanga kuitazama kama imetakata. Kisha akasema:

"Sijakusamehe. Kaoge, unanuka moshi, halafu urudi upesi. Ile tuliyokamua mwaka huu, ambayo bado haijashushwa chini, nayo inataka kuanza kusikilizwa, na mimi siwezi kuonja na kusali kwa mdomo mmoja."